Sura ya Sita: Ngozi Hupona Kwanza

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa henia ya kifuani kwa mara ya pili anarudi kijijini Itaka, wilayani Mbozi, akiwa na vialama vitano tumboni, kila kimoja hakizidi sana ukucha wa kidole gumba. Baada ya wiki mbili vimekauka. Majirani wakimwona anatembea uani wanamshukuru Mungu, wanampa mkono, na kabla ya mwezi kwisha wanatarajia kumwona shambani. Hawana nia mbaya. Watu hupima upasuaji kwa kidonda kinachoonekana, na hicho kimeshafunga. Kazi aliyofanyiwa ndani, ile iliyomgharimu safari, fedha na hofu, bado ni mbichi, na itabaki mbichi kwa miezi.

Sura hii ni kwa ajili ya miezi hiyo. Naiandika kwa familia sawasawa na ninavyoiandika kwa mgonjwa, kwa sababu katika maisha ya Mbozi mgonjwa peke yake hawezi kuilinda kazi ile hata akiwa na nidhamu ya askari.

Kwanza tuelewane ni nini kilichoshonwa. Kiwambo ni msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Umio, njia ya chakula kutoka kooni, hupenya kwenye tundu la msuli huo kabla ya kufika tumboni. Tundu likilegea na kupanuka, sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo hupanda kifuani, na nguvu iliyokuwa inaizuia asidi isipande hupungua. Mtu anaungua kifua, anacheua maji makali hasa akiinama au akilala, anakohoa usiku, anaamka sauti imekauka. Ngiri ya kinena huonekana na kushikika kwa mkono. Hii haionekani, ndiyo maana wengi hutibiwa vidonda vya tumbo miaka nenda rudi kabla hawajapimwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, au kupigwa eksirei baada ya kunywa ile dawa nyeupe ya bariamu.

Daktari wa upasuaji hulishusha tumbo, hulishona tundu lipungue, kisha huchukua sehemu ya juu ya tumbo na kuizungusha kwenye umio kama kilemba ili asidi isipande tena. Mbinu hiyo ni ya Rudolf Nissen, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyeukimbia utawala wa Hitler mwaka 1933 akaenda kufundisha upasuaji Istanbul. Aliitumia kutibu ugonjwa huu mwaka 1955 akiwa Basel, Uswisi. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Liège, Ubelgiji, alichapisha namna ya kuifanya kwa matundu madogo. Tangu hapo mgonjwa huweza kuruhusiwa baada ya siku chache. Ni hatua kubwa ya tiba, lakini imeondoa lile kovu refu lililokuwa linamkumbusha kila mtu nyumbani kwamba huyu kafanyiwa kazi nzito.

Na msuli huo ulioshonwa haupati likizo. Tunavuta pumzi mara 15 hivi kwa dakika, usiku na mchana, na kila pumzi ni kiwambo kinachoshuka na kupanda. Kwa siku moja hiyo ni zaidi ya mara 20,000. Kupumua kwa kawaida hakuna madhara, kwa sababu mishono imewekwa ikizingatia hilo. Kinachoiharibu ni shinikizo la ghafla kutoka chini: kutapika, kukohoa kwa nguvu, kunyanyua mzigo, kujikamua chooni. Shinikizo hilo hulisukuma tumbo lirudi juu kupitia palepale paliposhonwa.

Mara nyingi hivyo ndivyo upasuaji wa kwanza unavyoharibika. Tundu linafunguka, kilemba kinapanda kifuani, au kinateleza kutoka kwenye umio na kulikaba tumbo lenyewe. Wakati mwingine kilikazwa mno tangu mwanzo. Wakati mwingine umio ulikuwa umejikunja na kuwa mfupi baada ya miaka ya kuunguzwa na asidi, ukawa unavuta kila kitu juu. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona wagonjwa wakijilaumu, na ndugu wakiwalaumu, kana kwamba kurudia upasuaji ni adhabu ya uzembe. Zipo sababu ambazo mgonjwa hakuwa na uwezo nazo hata kidogo.

Mara ya pili daktari hakuti tumbo alilolikuta mara ya kwanza. Anakuta makovu yaliyogandanisha ini, tumbo, umio na kiwambo, na lazima avitenganishe taratibu bila kutoboa umio wala kujeruhi neva za vagasi, zile zinazoliongoza tumbo kusaga chakula na kukishusha. Saa huwa nyingi zaidi. Katika tafiti nyingi, takribani wagonjwa 8 kati ya 10 hupata nafuu ya kuridhisha baada ya upasuaji wa marudio, pungufu kidogo ya wale wa mara ya kwanza. Naomba namba hiyo isomwe kama habari njema, maana ni habari njema. Ila inataka mtu aupe mwili muda mrefu kuliko aliotumia awali.

Safari ya kurudi nyumbani ndiyo mtihani wa kwanza. Rufaa ya mtu wa Itaka hupanda ngazi kwa ngazi: kituo cha afya, Vwawa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya, na mara nyingine mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Kurudi ni kwa basi, na kipande cha mwisho, baada ya kuiacha barabara kuu ya Tunduma, mara nyingi ni bodaboda. Ningekuwa na sauti katika kila familia, ningeomba mgonjwa abaki mjini kwa ndugu mpaka atakapoonwa kliniki mara ya kwanza. Kama haiwezekani, basi asafiri mchana, ashuke kila basi linaposimama atembee kidogo ili damu isigande miguuni, na kipande cha mwisho apande gari hata kama ni la kuchangia nauli. Asiondoke hospitali bila dawa ya kuzuia kichefuchefu. Kutapika katika siku za mwanzo kunaweza kung'oa mishono, na basi la kona nyingi huwatapisha hata wazima.

Na asiondoke bila karatasi. Muhtasari wa upasuaji unaoeleza kilichokutwa ndani, aina ya kilemba kilichofungwa, kama umewekwa wavu wa kuimarisha tundu lililoshonwa, na majibu ya vipimo vyote, ni mali kuliko risiti yoyote. Toa nakala, moja ikae kwa ndugu mwingine. Daktari atakayemwona miaka mitatu baadaye, katika hospitali nyingine, ataanzia hapo.

Sasa jikoni. Wiki ya kwanza au mbili ni vya kunywa tu: uji mwepesi uliochujwa, supu isiyo na vipande, maziwa kwa anayeyaweza, maji kwa funda dogodogo. Baada ya hapo, kwa wiki nne mpaka sita hivi, ni vyakula laini: viazi vilivyopondwa na kulainishwa kwa supu, ndizi zilizopikwa zikaiva mpaka kuvurugika, maharage yaliyochujwa maganda kidogo kidogo, yai lililopikwa laini, parachichi. Mbozi imejaaliwa parachichi, na sijui chakula kinachomfaa zaidi mgonjwa huyu: kinateleza, kina nguvu, hakihitaji kutafunwa sana. Ugali usubiri, pamoja na mkate, chapati na nyama ya kuchoma. Hivyo hujiviringa vikawa donge, na donge halipiti kwenye njia iliyovimba.

Uvimbe huo ni sehemu ya kupona, na baada ya upasuaji wa marudio huchukua muda zaidi, mara nyingine miezi mitatu. Dalili zake nazieleza kwa ukaribu ili zisimtishe mtu usiku. Tonge limemezwa, linashuka vizuri mpaka chini ya mfupa wa kifua, halafu linasimama. Kifua kinabana. Mate yanajaa mdomoni, machozi yanalengalenga, mgonjwa anaacha kuongea. Walio mezani huharakisha kumpa bilauri ya maji, na maji yanakaa juu ya tonge na kuongeza maumivu. La kufanya ni kuacha kula, kusimama, kutembea uani polepole na kusubiri. Mara nyingi linapita lenyewe. Tonge linalofuata liwe dogo kama punje ya harage, litafunwe mpaka liwe uji, na mlo mzima uchukue nusu saa hata kama sahani ina vijiko kumi tu. Milo iwe midogo, mitano au sita kwa siku. Mama mkwe anayesema, "Kula, mwanangu, upate nguvu," anasema kwa upendo, na anastahili kuelezwa kwa upole kwamba safari hii nguvu zinakuja kwa vijiko.

Wageni nao waelezwe mapema. Desturi yetu ni kwenda kumpa mgonjwa pole na soda mkononi. Gesi ya soda ikishaingia kwenye tumbo lililofungwa kilemba haina pa kutokea, kwa sababu kubeuka kumekuwa kugumu au hakupo kabisa. Tumbo linajaa, linakaza, linauma mpaka begani, na hewa yote inatafuta njia ya chini. Kujamba sana katika miezi hii ni jambo la kawaida na si la kuonea haya. Kwa sababu hiyohiyo zile dawa za kutoa povu na magadi ambayo watu huyalamba kutuliza kiungulia zikae mbali. Atakaye kuleta zawadi alete mayai, maziwa, au parachichi.

Dawa za maumivu nazo zina deni lake. Tramado na kodeini hukausha choo, na choo kikavu humfanya mtu ajikamue. Hapa napenda kusimama kidogo, maana ni Afrika Mashariki iliyotoa mojawapo ya mawazo makubwa kuhusu jambo hili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko, kwa miaka mingi pale hospitali ya Mulago, mpaka katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, kwa wiki kumi, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiulizia hospitalini kuhusu saratani ya taya za watoto ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Baadaye aligeukia chakula. Aliona kwamba henia ya kifuani, ambayo ilikuwa imejaa Ulaya na Marekani, iliripotiwa kwa nadra sana katika hospitali za vijijini Afrika. Mwaka 1973, katika jarida la Lancet, alieleza kwamba chakula kisicho na makapi hutoa choo kigumu, kujikamua huongeza shinikizo la tumbo, na shinikizo hilo mwaka hadi mwaka hulisukuma tumbo lipite kwenye kiwambo.

Wataalamu hawakulikubali wazo lake lote; uzito, umri, mimba na kulegea kwa tishu vina sehemu yake. Mimi pia naamini sehemu ya ule uchache aliouona ilitokana na ukosefu wa vipimo: henia isiyoonekana kwa macho haiwezi kuandikwa kwenye daftari la hospitali isiyo na kamera. Hata hivyo kuhusu shinikizo alisema kweli, na kweli hiyo inamhusu mgonjwa wetu kila asubuhi. Anywe maji ya kutosha siku nzima, ale papai lililoiva na mboga za majani zilizopikwa zikalainika, aombe dawa ya kulainisha choo mapema kabla hakijawa kigumu, na maumivu yakipungua ahamie kwenye parasetamoli. Dikilofena na dawa za jamii yake, ambazo zinauzwa kila duka la dawa kwa mgongo na magoti, aziepuke mpaka daktari aseme, kwa sababu huchubua tumbo.

Sasa nifike kwenye kazi, ambako naona ndiko upasuaji mwingi unakopotelea. Hospitali nyingi huagiza mtu asibebe kitu kinachozidi kilo 5 kwa wiki sita hivi, na kwa upasuaji wa marudio madaktari wengine husema miezi mitatu. Anayeandika agizo hilo anafikiria mifuko ya sokoni. Itaka ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, debe la mahindi linakaribia uzito huohuo, na gunia la kahawa halitajwi. Kusonga ugali wa familia ya watu wanane ni kazi ya misuli ya tumbo yote, mwanamke ameinama juu ya sufuria, amelibana kwa miguu, anageuza mwiko kwa mikono miwili, moshi wa kuni ukimpiga usoni. Hapo kuna kuinama, kukaza tumbo na kukohoa kwa pamoja. Daktari hakutaja kusonga ugali, na mwanamke atakayefuata karatasi neno kwa neno atausonga siku ya kumi.

Kwa hiyo kabla mgonjwa hajarudi, familia ikae kikao. Nani atachota maji? Nani atasonga? Nani atakata kuni, nani atakamua ng'ombe, nani atamnyanyua mtoto anayelilia kubebwa na mama yake? Msimu wa kuchuma kahawa ukikuta mgonjwa ana mwezi mmoja, nani atachukua mistari yake? Majina yatajwe mbele ya wote, maana "tutasaidiana" bila jina maana yake ni kwamba mgonjwa atafanya mwenyewe asubuhi wenzake wakiwa wamelala. Mwanaume naye ana mtego wake: akionekana mzima amekaa barazani wakati wengine wanalima, heshima inamchoma, anachukua jembe. Mzee wa ukoo au mchungaji akisema hadharani kwamba huyu amezuiwa na daktari mpaka mwezi fulani, amemvua mzigo mzito kuliko jembe.

Kutembea, kinyume chake, ni dawa. Aanze kuzunguka nyumba, kisha afike kwa jirani, kisha aongeze. Lipo pia jambo ambalo akina mama wengi hulifanya kwa mazoea ya uzazi: kulifunga tumbo kwa kanga iliyokazwa. Hapa lisifanyike. Kulikaza tumbo ni kuisukuma asidi na mishono juu. Mkanda wa suruali nao ulegezwe, na kapu la kuchumia kahawa, siku litakaporuhusiwa, lisifungwe kiunoni.

Kitanda kiinuliwe upande wa kichwani kwa sentimita 15 mpaka 20. Matofali ya kuchoma yapo kila kona, na tofali moja moja chini ya miguu ya kichwani linatosha. Mito mingi haifai, kwa sababu humkunja mtu tumboni. Chakula cha mwisho kiliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala.

Atakonda. Kilo kadhaa kupotea katika miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida, na kijijini kukonda kuna maneno yake. Watu wataulizana pembeni, watataja magonjwa, watataja kurogwa. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mara mbili tayari ana huzuni yake mwenyewe: aliamini mara ya kwanza, akaangushwa, sasa anaogopa kuamini kila nafuu. Kila tumbo linaponguruma anadhani mishono imeachia. Hofu hiyo ni halali, na inahitaji mtu wa kukaa naye na kuisikiliza bila kumkemea kwamba amekosa imani. Kumpima uzito kila wiki kwenye kituo cha afya na kuuandika husaidia, kwa sababu siku uzito utakapoacha kushuka, namba itamtuliza kuliko maneno yetu.

Yapo ya kukimbilia hospitali siku ileile, usiku au mchana: kushindwa kumeza hata mate, homa, maumivu makali ya kifua au tumbo yasiyotulia, kuhema kwa shida, kutapika au kupata kichefuchefu cha nguvu bila kutoa kitu, choo cheusi, mguu mmoja kuvimba. Na likiwepo tatizo la kumeza linalozidi badala ya kupungua baada ya miezi mitatu, lisipewe jina la makovu kwa kukisia. Afrika Mashariki ipo kwenye ukanda wenye saratani nyingi ya umio, na kamera ndiyo inayotoa jibu.

Kiungulia kikirudi baada ya miezi au miaka, watu wengi hukimbilia omeprazo dukani na kunyamaza, au hukata tamaa moja kwa moja. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa 2,655 waliofanyiwa upasuaji huu kwa matundu madogo. Asilimia 17.7 walirudiwa na ugonjwa, na kati ya hao wengi mno, asilimia 83.6, walitibiwa kwa dawa za muda mrefu; waliobaki ndio waliorudi chumba cha upasuaji. Maana yake ni kwamba kurudi kwa dalili si hukumu ya kisu. Apimwe kwanza, kwa sababu si kila moto wa kifuani ni asidi, na omeprazo anywe kwa maelekezo, nusu saa kabla ya kula, si baada ya kushiba kama wengi wanavyofanya.

Huenda pia siku moja eksirei ikaonyesha kijisehemu cha tumbo kimepanda tena, wakati mgonjwa mwenyewe anakula ugali wake, analala vizuri na amerudi kwenye mibuni. Katika utafiti mmoja wa Marekani kuhusu henia kubwa, uliochapishwa mwaka 2011, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikutwa hivyo baada ya takribani miaka mitano, wawe walishonwa kwa wavu au bila wavu, na wengi wao hawakuwa na shida ya maana. Mtu wa namna hiyo hahitaji upasuaji wa tatu. Anahitaji daktari anayemtazama yeye pamoja na picha yake, kliniki ya mara moja moja, na ndugu wanaoendelea kumwachia ndoo ndogo.